Kariakoo: Kata ya Wakazi Wachache Inayohudumia Taifa Zima

Na Mwandishi Wetu – Dar es Salaam

Mwananchi anayesoma matokeo ya sensa ngazi ya kata hushangaa anapofika kwenye mstari wa Kariakoo. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, kata hiyo iliyo katikati ya Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 13,780 tu. Katika sensa hiyo hiyo, Kata ya Buguruni, isiyo mbali na hapo, ilikuwa na watu 70,585, yaani zaidi ya mara tano ya Kariakoo. Mtu aliyewahi kupita Mtaa wa Kongo saa sita mchana, akisukumana na wapita njia, mikokoteni, bodaboda na wachuuzi, hujiuliza kama makarani wa sensa walikosea.

Hawakukosea. Takwimu hiyo inajibu swali moja, nalo ni: Je, ni watu wangapi walilala Kariakoo usiku wa kuamkia siku ya sensa? Swali la pili, kwamba ni watu wangapi wanaitumia Kariakoo mchana, halijibiwi na sensa. Tofauti kati ya maswali hayo mawili ndiyo historia ya kitongoji hiki kwa zaidi ya miaka mia moja, na ndiyo pia chanzo cha changamoto zake nyingi za leo, kuanzia taka, maji na msongamano hadi usalama wa majengo na kinga dhidi ya moto. Makala haya yanaeleza jinsi Kariakoo ilivyoanza, jinsi watu wake walivyobadilika, na namna sahihi ya kusoma takwimu zake.

Asili ya jina

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wajerumani walihamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mji ulipokua, watawala walitaka watu waishi kwa kutenganishwa: Wazungu upande wa bahari wenye upepo, wafanyabiashara wa Kihindi katikati, na Waafrika nyuma ya hapo. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Kijerumani ulipanga kuwaweka Waafrika katika eneo jipya magharibi ya mji, lililokuwa mashamba ya minazi, na ukaanza kujenga hapo jengo la soko.

Vita viliukatiza mpango huo. Majeshi ya Uingereza yaliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Kwa kuwa vita katika Afrika Mashariki vilipiganwa mahali pasipo na barabara wala reli za kutosha, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo, majeshi yalitegemea mabega ya watu. Mamia ya maelfu ya wanaume kutoka maeneo mbalimbali ya Afrika Mashariki na Kati walichukuliwa, wengi wao kwa nguvu, ili wabebe chakula, risasi na majeruhi. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Wengi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko waliouawa kwa risasi.

Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kambi yake mjini Dar es Salaam iliwekwa katika eneo lile la soko. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Mjini Nairobi, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi hao hao, panaitwa Kariokor hadi leo. Kwa hiyo, majina ya vitongoji hivi viwili ni kumbukumbu ya watu ambao wengi wao hawana makaburi yanayojulikana. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, nayo inawakumbuka wapagazi pamoja na askari wa Kiafrika waliopigana katika vita hiyo.

Kitongoji cha wapangaji

Vita vilipokwisha, Waingereza waliuendeleza mpango wa kugawa mji. Kariakoo ikatengwa kuwa makazi ya Waafrika. Kati yake na eneo la biashara la Wahindi uliachwa uwanja mpana usiojengwa, ambao leo ni viwanja vya Mnazi Mmoja. Watawala walidai kwamba uwanja huo ulikuwa kinga ya afya, lakini kwa vitendo ulikuwa mpaka wa rangi. Soko la Kariakoo lilifunguliwa mwaka 1923.

Mitaa ilichorwa kwa mistari iliyonyooka, na viwanja vikapimwa vidogo vidogo. Majina ya mitaa hiyo yanaonesha walikotoka watu au yaliyokuwa yakizungumzwa mjini: Nyamwezi, Kongo, Pemba, Likoma, Swahili, Sikukuu, Mchikichi, Livingstone, Aggrey. Wazaramo, ambao ni wenyeji wa eneo hili, waliishi mlango kwa mlango na Wandengereko na Warufiji kutoka kusini, Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wanyamwezi, Wayao, Wangoni na wengine wengi. Lugha iliyowaunganisha barazani, sokoni na msikitini ilikuwa Kiswahili.

Nyumba iliyojengwa Kariakoo ndiyo ile ambayo hadi leo huitwa nyumba ya Kiswahili. Mbele kuna baraza. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu wenye vyumba pande zote mbili, mara nyingi sita kwa jumla. Nyuma kuna uani, penye jiko, choo na mahali pa kufulia. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kwa njia hiyo kiwanja kimoja kidogo kiliweza kubeba kaya tano au sita, na mgeni kutoka bara akapata pa kulala kwa kodi anayoimudu. Hata kabla ya majengo ya ghorofa, Kariakoo ilikuwa mahali pa watu wengi katika ardhi ndogo.

Mji ulikua kwa kasi. Hesabu ya mwaka 1948 ilionesha Dar es Salaam kuwa na watu 69,277. Mwaka 1957 walikuwa 128,742, na katika sensa ya kwanza baada ya Uhuru, mwaka 1967, mji ulikuwa na watu 272,821. Yaani katika kila muongo mmoja, idadi ilikaribia kuongezeka maradufu. Kariakoo na Ilala hazikuweza kuwapokea wote, ndipo vikapimwa vitongoji vingine baada ya Vita Kuu ya Pili, vikiwemo Magomeni, Temeke na Kinondoni.

Mahali palipozaliwa siasa na ushabiki

Kukaa pamoja kwa watu wa makabila mengi kulizaa mambo ambayo taifa linajivunia. Chama cha Waafrika, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, kilikuwa na ofisi yake katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, kwenye ukingo wa Kariakoo unaotazama Mnazi Mmoja. Katika jengo hilo, tarehe 7 Julai 1954, chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU chini ya uongozi wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Mtaa huo sasa unaitwa Lumumba, na tarehe hiyo Watanzania wanaijua kwa jina la Saba Saba.

Vilabu viwili vikubwa vya soka nchini navyo vilizaliwa katika mazingira hayo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na makao yake yako Jangwani, kata jirani. Simba ilianzishwa mwaka 1936 na makao yake yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ndiyo maana wapenzi wake huitwa Wana Msimbazi. Shabiki wa Kigoma au Mtwara asiyewahi kufika Dar es Salaam anaijua mitaa hiyo kwa majina.

Soko jipya na biashara huria

Baada ya Uhuru, Serikali iliamua kujenga soko jipya litakalolingana na mahitaji ya jiji. Kazi ya kulibuni ilipewa msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli. Alibuni paa linalobebwa na nguzo zenye umbo la miavuli iliyogeuzwa, ili wauzaji wapate kivuli na hewa, na maji ya mvua yakusanywe kupitia nguzo hizo. Chini ya ardhi iliwekwa ghorofa ambayo wananchi wanaiita shimoni. Shirika la Masoko ya Kariakoo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na soko likafunguliwa rasmi Desemba 1975 na Rais wa Awamu ya Kwanza, Mwalimu Nyerere.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja katikati ya miaka ya 1980, pale Serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa na kuruhusu biashara huria. Kariakoo, iliyokuwa soko la vyakula lililozungukwa na nyumba za kupanga, iligeuka kuwa kituo cha jumla na rejareja cha nguo, viatu, vyombo, vifaa vya umeme, simu na vipuri. Wanunuzi hawatoki mikoani peke yake. Wafanyabiashara kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Malawi, Burundi, Rwanda, Uganda na Komoro hufika hapo kufungasha mizigo.

Ardhi ikapanda thamani. Kiwanja ambacho mtu alikirithi kwa babu yake kikiwa na vyumba sita vya kupangisha kikawa kinatafutwa na wawekezaji wa kujenga jengo refu. Wapo waliouza na kuhamia pembezoni mwa jiji. Wapo walioingia ubia na mjenzi, wakabaki na sehemu ya jengo. Chumba kilicholala familia kikawa duka, na uani pakawa stoo ya mizigo. Nyumba chache za zamani zenye baraza bado zinaonekana katikati ya majengo marefu, lakini hupungua mwaka hadi mwaka.

Kwa nini wakazi ni wachache

Sasa turudi kwenye takwimu. Sensa za Tanzania huhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Katika sensa ya mwaka 2022, usiku huo ulikuwa wa kuamkia Agosti 23. Mfanyabiashara mwenye maduka mawili Mtaa wa Kongo lakini analala Mbagala alihesabiwa Mbagala. Mchukuzi wa mizigo anayekuja alfajiri kutoka Gongo la Mboto alihesabiwa Gongo la Mboto. Mnunuzi kutoka Lubumbashi aliyelala nyumba ya wageni Kariakoo usiku huo alihesabiwa Kariakoo, ingawa si mkazi wake. Utaratibu huu hutumika ili mtu asihesabiwe mara mbili wala asiachwe.

Kwa kufuata utaratibu huo, Kariakoo iliyokuwa na watu 13,780 mwaka 2012 ilibeba takribani mtu mmoja kati ya kila watu 89 wa Wilaya ya Ilala, iliyokuwa na watu 1,220,611. Kata jirani za katikati ya jiji zilikuwa na hali kama hiyo. Jangwani ilikuwa na watu 17,647 na Gerezani 7,276.

Picha hiyo inalingana na mwenendo wa jiji zima. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 2,487,288 mwaka 2002, 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Kasi ya ongezeko imeshuka kutoka wastani wa asilimia 5.6 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012 hadi asilimia 2.1 kati ya 2012 na 2022, ilhali kwa nchi nzima, yenye watu 61,741,120 mwaka 2022, kasi ilikuwa asilimia 3.2. Familia nyingi zimetafuta viwanja nje ya katikati ya jiji, nyingine zikavuka mpaka wa mkoa na kuingia Pwani. Wanaohama kulala hawahami kufanya kazi. Asubuhi wanarudi kwa daladala na, tangu Mei 2016, kwa mabasi yaendayo haraka, ambayo yana kituo Gerezani na njia inayopita Mtaa wa Msimbazi.

Athari zake kwa huduma

Idadi ya wakazi ni msingi wa mipango mingi ya Serikali. Huonesha ni watoto wangapi wanahitaji madarasa, ni wajawazito wangapi watahitaji kliniki, na ni kaya ngapi zinahitaji maji majumbani. Kwa huduma hizo, takwimu ya wakazi inatosha, kwa sababu mtoto husoma karibu na anapolala.

Hata hivyo, zipo huduma ambazo haziangalii mtu amelala wapi. Vyoo vya umma, uzoaji wa taka, mifereji ya maji machafu, taa za barabarani, njia za waenda kwa miguu, ulinzi, na vifaa vya kuzima moto vinahitajika na kila aliyepo mahali kwa saa hiyo. Anayeipangia Kariakoo huduma hizi kwa kutazama wakazi pekee atakuwa ameupangia usiku na kuusahau mchana. Ndiyo maana wataalamu wa mipango miji hutumia takwimu za sensa pamoja na taarifa nyingine, zikiwemo leseni za biashara, idadi ya abiria na orodha ya majengo. Sensa ya mwaka 2022 iliongeza hatua muhimu katika jambo hili, kwa kuwa iliambatana na sensa ya majengo na zoezi la anwani za makazi, hivyo majengo nayo yakahesabiwa.

Matukio mawili ya miaka ya karibuni yameonesha uzito wa jambo hili. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliunguza soko kuu. Serikali ilitenga takribani shilingi bilioni 28 kwa ajili ya kulikarabati na kujenga soko jingine pembeni yake. Kisha asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lililokuwa na maduka liliporomoka watu wakiwa kazini. Zaidi ya watu 20 walifariki dunia na wengine zaidi ya 80 waliokolewa wakiwa hai. Aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliunda timu ya kuchunguza majengo ya Kariakoo.

Tukio la soko lilitokea usiku, wakati eneo halina watu, nalo likaunguza mali. Tukio la jengo lilitokea asubuhi, wakati eneo limeshajaa, nalo likachukua uhai wa watu. Walionaswa chini ya kifusi walikuwa wafanyabiashara, wasaidizi wao na wateja, watu ambao kitabu cha sensa kinaweza kuwaandika katika kata nyingine kabisa. Usalama wa jengo la Kariakoo, kwa hiyo, si suala la wakazi wa Kariakoo peke yao. Ni suala la kila kaya ya Dar es Salaam na mikoani ambayo mmoja wao huenda huko asubuhi.

Jambo hili linapata uzito zaidi sasa, baada ya mwanzoni mwa mwaka 2025 kuzinduliwa utaratibu wa kufanya biashara Kariakoo saa 24. Utaratibu huo unaongeza muda wa kipato kwa wafanyabiashara, lakini pia unaleta katika saa za usiku mahitaji ambayo awali yalikuwa ya mchana tu: taa, ulinzi, usafiri na huduma za dharura.

Wananchi wanapaswa kufanya nini

Kwanza, mwananchi anaposoma takwimu za kata yake, akumbuke zinahesabu waliolala, si waliopo. Matokeo ya sensa ya mwaka 2022 kwa ngazi ya kata yamechapishwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kila mtu anaweza kuyasoma na kuyatumia katika vikao vya mtaa na vya maendeleo ya kata.

Pili, mwenye jengo Kariakoo ahakikishe kwamba ujenzi, ukarabati au uchimbaji wowote una kibali cha Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na unasimamiwa na wataalamu waliosajiliwa. Mpangaji au mfanyabiashara anayeona nyufa mpya, nguzo zinazovunjwa au uchimbaji chini ya jengo linalotumika atoe taarifa kwa ofisi ya mtaa au kata bila kusubiri.

Tatu, njia za kutokea zisigeuzwe stoo. Mzigo unaowekwa kwenye ngazi kwa saa moja unaweza kuziba njia ya watu wa ghorofa nzima siku ya hatari. Moto au ajali inapotokea, piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, ambayo haina malipo.

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na watu waliobeba mizigo ya wengine, na ambao hesabu yao haikuwekwa vizuri. Baada ya zaidi ya karne moja, bado ni mahali ambapo Watanzania na majirani zao huja kubeba mizigo na kutafuta riziki. Kuwahesabu sawasawa, waliolala hapo na wanaofika hapo asubuhi, ndiyo hatua ya kwanza ya kuhakikisha kwamba jioni wote wanarudi nyumbani salama.